Weupe Uliozaa Waridi

Kilikuwako nchini Marekani chombo cha kauri cha kutilia maua, ambacho kimo chake hakitimii dhiraa moja, na wenyewe kwa miaka mingi walikifanya kitako cha taa. Umbo lake ni la zaituni, mwili wake ni mweupe usio na doa, na juu ya weupe huo tawi la mfyulisi limepanda likizunguka, lenye maua, na majani, na mafyulisi manane, huku popo wawili wakiruka kando yake. Mwenye taa hiyo alikuwa Ogden Reid, aliyepata kuwa balozi wa nchi yake katika Israeli. Na ilipotambulika kwamba kitako kile kilitengenezwa zama za Mfalme Yongzheng wa Uchina, aliyetawala toka mwaka 1722 hata mwaka 1735, haikuwapo tena sababu ya kukibebesha balbu. Mwaka 2002 kilipelekwa mnadani Hong Kong, kikanunuliwa na Bibi Alice Cheng kwa dola za huko milioni 41.5, naye baadaye akakitoa kuwa tunu kwa Jumba la Makumbusho la Shanghai.

Kila isimuliwapo habari hii, aghalabu husimuliwa kwa ajili ya fedha. Mimi fedha naziacha kwa wenye nazo, nalitazama fyulisi moja katika yale manane. Fyulisi hilo ni jekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, na baina ya wekundu na ukijani huo hapana mstari wala mpaka; rangi moja yafifia polepole hata ikageuka nyingine, sawasawa na tunda liwivalo lenyewe mtini. Jambo hilo, ambalo kwa mchoraji wa karatasi au hariri ni la kila siku, kwa mchoraji wa kauri lilikuwa muhali hadi miaka michache tu kabla ya chombo kile kuingia motoni. Na kilicholifanya liyamkinike ni rangi ambayo watazamaji wengi hawaioni kabisa, kwa kuwa imelala chini ya wenziwe, nayo ni nyeupe.

Rangi juu ya kauri ina makao mawili: huweza kukaa chini ya kioo kinachokifunika chombo, au juu yake. Rangi ya chini, ambayo mashuhuri yake ni buluu itokanayo na kobalti, hupakwa juu ya udongo uliokauka bila kuchomwa, kisha chombo huvikwa majimaji ya mawe yaliyosagwa, na vyote huingia jokoni pamoja, mawe yakayeyuka kuwa kioo na kuifungia buluu ndani yake daima. Rangi za namna hiyo ni chache, maana moto wa kauri, ambao hufika nyuzi 1300 au karibu yake, hauachi salama ila madini mawili matatu. Rangi ya juu ndiyo enameli. Hiyo nayo ni kioo, lakini kioo laini chenye risasi, kilichotiwa madini ya kukipa rangi, kikasagwa hata kikawa unga mwororo. Hupakwa juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa na kung'aa, kisha chombo hurejeshwa motoni mara ya pili katika joko dogo, kwa nyuzi 700 au 800, moto usioidhuru kauri lakini utoshao kuuyeyusha unga ule na kuushikamanisha na uso wake. Kwa hiyo ua la enameli ukilipapasa kwa ncha ya kidole walihisi limeinuka, ilhali ua la buluu huligusi kamwe, bali wagusa kioo kilicholifunika.

Wazee wetu wa pwani waliijua zaidi ile ya chini. Bakuli na sahani walizozipachika katika nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui, na vigae alivyovifukua James Kirkman huko Gedi kuanzia mwaka 1948, vingi ni vya kijani cha seladoni au vya buluu juu ya nyeupe, vilivyoletwa na pepo za kaskazi, vikipita mikononi mwa Wahindi, Waajemi na Waarabu, zamani za kale kuliko habari ninayoisimulia. Mwanaakiolojia Sir Mortimer Wheeler, alipozuru baina ya Dar es Salaam na visiwa vya Kilwa mwaka 1955, alistaajabia wingi wa vigae hivyo hata akanena kwamba historia ya Tanganyika iliyozikwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Alinena haki, walakini maandishi hayo aliyoyaona, kwa sehemu yake kubwa, hayana waridi, kwa kuwa yalipoandikwa waridi la kauri lilikuwa halijazaliwa, hata Uchina kwenyewe.

Si kwamba Wachina hawakuwa na enameli. Katika zama za ukoo wa Ming walikwisha kuchora kwa rangi tano, na katika zama za Mfalme Kangxi, babaye Yongzheng, mafundi wa mji wa Jingdezhen walifikia upeo wa ufundi katika aina ya kauri ambayo kijani cha shaba ndicho kitawalacho, kikifuatana na manjano, na zambarau, na buluu, na nyekundu ya chuma. Ila rangi hizo, ukiitoa ile nyekundu, zote ni angavu: nuru huzipenya, hugonga weupe wa kauri iliyo chini, ikarudi. Fundi hana budi kuchora kwanza mpaka wa kila petali kwa mstari wa rangi nzito, kisha kuujaza mpaka huo rangi moja iliyo sawa toka pembe hata pembe. Hawezi kuitia nuru zaidi hapa na kivuli zaidi pale, isipokuwa kwa kuinenepesha enameli au kwa kuichorea mistari chini yake. Ni uchoraji wenye nguvu na heshima, na wako watu, ambao siwalaumu, waupendao kuliko huu niusifuo. Lakini ua lake ni alama ya ua, na aliyelichora hakutaraji mtu alinuse.

Kangxi alikuwa mfalme mwenye shauku ya elimu za kigeni, na miongoni mwa tunu zilizomfikia kwa mikono ya mapadri wa Kijesuti zilikuwamo kazi za enameli za Ulaya, zilizopakwa juu ya shaba na dhahabu, zenye sura za watu na maua yaliyotiwa vivuli kwa namna ambayo mafundi wake hawakuiweza. Akataka waiweze. Mwaka 1696 kiwanda cha kioo kilianzishwa Beijing chini ya padri wa Kijerumani, Kilian Stumpf, na karakana ya enameli nayo ikafanya kazi katika boma la kifalme. Lakini kujua kupika kioo ni elimu moja, na kujua kuchora kwacho ni elimu nyingine. Mwaka 1716 mfalme aliwaamuru Wataliani wawili waliokuwa katika utumishi wake, Matteo Ripa na Giuseppe Castiglione, wajifunze kupaka enameli. Ripa ameacha kumbukumbu ya kisa hicho, nacho chachekesha: wakichelea kufungiwa karakanani mchana kutwa pamoja na mafundi wa mikono, tena wakiwa hawakupata kuifanya kazi ile maishani mwao, walikata shauri wasiijue kamwe, wakachora vibaya kwa makusudi, hata mfalme alipoziona kazi zao akasema kwamba yatosha. Castiglione aliendelea kuwa mchoraji mashuhuri wa wafalme watatu mfululizo, na enameli ikabaki kumngoja mtu mwingine, hata alipowasili Mfaransa Jean-Baptiste Gravereau mwaka 1719, ambaye hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Ikumbukwe kwamba haya yalitendeka Beijing, kaskazini, ndani ya kuta za mfalme, ambako haupo udongo wa kauri wala majoko makubwa. Kauri yenyewe ilitoka kusini, Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, ambako mawe ya kauri yalipondwa na kufinyangwa kuwa matofali madogo meupe, kisha yakachanganywa na udongo wa mlima wa Gaoling, ambao kwa jina lake dunia nzima sasa huuita kaolini. Padri François Xavier d'Entrecolles, Mfaransa, alikaa mjini humo akiwahudumia Wakristo wake, ambao baadhi yao walikuwa wafinyanzi, naye akatuma kwao barua mbili ndefu, ya kwanza mwaka 1712 na ya pili mwaka 1722, zilizofichua kwa Ulaya mengi ya siri za kazi hiyo. Alikisia majoko ya mji kuwa 3000. Alieleza kwamba usiku, mtu auingiaye mji huo, hudhani kwamba wote unateketea. Tena alieleza kwamba kipande kimoja cha kauri hupita katika mikono ya watu 70 kabla ya kukamilika, na kwamba yuko achoraye mpaka wa ua tu, na yuko mwingine wa kulipaka rangi, na mwingine ambaye kazi yake yote ni milima na maji, na mwingine ndege na wanyama.

Sasa nifike penyewe. Rangi ya waridi ya kauri ni dhahabu. Dhahabu huyeyushwa kwa asidi kali, kisha hurejeshwa kuwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, na chembe hizo zikitawanyika ndani ya kioo hukipa wekundu unaokaribia zambarau. Na kiasi chake ni haba hata bei ya dhahabu yenyewe si kitu mbele ya taabu ya kuitayarisha. Ulaya wekundu huo hufungamanishwa na jina la Andreas Cassius, ambaye mwanawe alitangaza habari zake katika kitabu cha mwaka 1685. Ni rangi adimu na ya fahari. Walakini ukiipaka peke yake juu ya kauri ni kioo angavu kama zile za kale, nayo huwa nzito mahali ilipolundikana na hafifu mahali ilipopungua, na petali yake ingekuwa petali ya kale iliyobadili nguo.

Kilichoibadili petali ni enameli nyeupe. Hiyo ilipatikana kwa kukitia aseniki kioo chenye risasi: aseniki, ambayo kwa wanadamu ni sumu inayoua, ikikutana na risasi katika moto huzaa fuwele ndogo ndogo ambazo hubaki zikielea ndani ya kioo, zikiizuia nuru isipenye na kuirudisha ilikotoka. Mchoraji huipaka nyeupe hiyo kwanza ndani ya petali nzima, iwe kama kitanda. Kisha huweka waridi kidogo sana palipo shina la petali, au palipo ukingo wake, akachukua brashi nyingine iliyolowana, akaivuta rangi ile polepole juu ya nyeupe, nayo ikaenda ikilegea na kufifia, kama mchuzi mkali uliopata tui, hata mwishoni pakabaki weupe peke yake. Mstari wa mpaka hauhitajiwi tena, au waweza kuwa mwembamba hata usionekane. Na waridi halikuwa peke yake katika kufaidika. Kijani kilichochanganywa na nyeupe hiyo kikawa kijani cha jani changa. Zambarau ikawa rangi ya maua ya mbali. Buluu ikawa ya anga baada ya mvua. Manjano nayo ikapata ndugu isiyopenyeka nuru. Fundi aliyekuwa na rangi za kuhesabika akajiona ana bustani.

Katika mwaka 1862 Mfaransa Albert Jacquemart, akishirikiana na Edmond Le Blant, aliigawa kauri ya Kichina katika koo kwa rangi zake, ukoo wa kijani mbali na ukoo wa waridi, na mgawanyo huo ungali ukifuatwa na majumba ya makumbusho na madalali wa minada duniani kote. Sina ugomvi naye, maana waridi ndilo lilionekanalo kwanza. Lakini kama ukoo huitwa kwa jina la mzazi, basi aliyestahili ni nyeupe. Kwa kuwa liko jingi waridi lisilo na nyeupe chini yake, na hilo halina uhai wowote, na ziko kauri za zama zile zenye nyeupe tele na waridi haba, ambazo hakuna ashukuye nasaba yao.

Mbinu mpya isingefaa kitu kama pasingekuwapo macho yaliyokuwa tayari kuipokea, na macho hayo yalikwisha kufundishwa na mchoraji asiyegusa kauri. Yun Shouping, aliyezaliwa mwaka 1633 na kufariki mwaka 1690, alichora maua juu ya hariri na karatasi kwa rangi peke yake, pasipo mstari wa kuyazingira, akiuhuisha mtindo wa kale ambao Wachina huunena kuwa hauna mifupa. Na peoni zake, na yungiyungi zake, zilipendwa hata zikawa kipimo cha kila ua lililofuata. Mafundi wa kauri waliziona wakazitamani, lakini enameli angavu haikuwapa njia ya kuzifuata. Nyeupe ilipopatikana, mlango ulifunguka, na kwa miaka ya Yongzheng ukitazama sahani ya peoni waweza kumwona Yun Shouping, aliyekwisha kufa kwa muda wa kizazi kizima, akiishi ndani ya moto.

Yongzheng hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Alimweka nduguye Yinxiang, Amiri wa Yi, kuzisimamia karakana za ikulu, na daftari za mwaka 1728 zaonyesha kwamba rangi za enameli zilikuwa zikipikwa hapo hapo, na si kungojewa tena kutoka Ulaya. Mwaka huo huo mtumishi wa ikulu, Tang Ying, alipelekwa Jingdezhen kumsaidia Nian Xiyao, msimamizi wa majoko ya mfalme. Nian Xiyao mwenyewe alikuwa na majukumu mengine mbali na hapo, tena alikuwa mtu wa elimu za ajabu, ambaye mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kufundisha uchoraji wa umbali kwa kanuni za Ulaya. Basi mzigo wa kila siku ukamwelemea Tang Ying, aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakujua lolote la ufinyanzi. Alifanya nini? Aliufunga mlango wake, akaacha kuzuru na kuzuriwa, akala na wafinyanzi na kulala walipolala kwa muda wa miaka mitatu, hata wale waliokuwa wakimfundisha wakaanza kupokea mafundisho yake. Nimesoma habari za mabwana wengi waliotumwa kusimamia kazi wasizozijua, na wachache mno ni wale waliodhani kutokujua kwao ni jambo la kutibiwa kwa kukaa sakafuni na wenye kujua.

Tang Ying aliyaandika. Mwaka 1743, Qianlong akiwa amekwisha kumrithi babaye Yongzheng, aliamriwa kuzieleza kwa maneno picha ishirini za kazi ya kauri, toka kuchimba mawe hata kutambikia joko, na maelezo hayo yangalipo. Ndimo anamosema kwamba rangi za enameli huchanganywa kwa vitu vitatu, mafuta yenye harufu, au gundi, au maji matupu: mafuta yafaa kwa kuivuta rangi ili ififie, gundi yafaa kwa kudonoa, na maji yafaa kwa kulundika rangi iinuke. Na ndimo pia anamosema jambo ambalo laweza kumtia simanzi mpenda sanaa wa leo, kwamba mwenye kuchora mistari hujifunza mistari wala hajifunzi kupaka, na mwenye kupaka hujifunza kupaka wala hajifunzi mistari, ili mkono uwe mmoja na moyo usigawanyike. Sisi tumezoea kuuliza: nani aliyelichora fyulisi lile? Jawabu la Jingdezhen ni kwamba hapana mtu aliyelichora. Mmoja alichora tawi, mwingine alilaza nyeupe, mwingine alivuta waridi, na wa mwisho akaangalia moto kwa tundu la joko. Na chini ya chombo, pale ambapo katika nchi nyingine lingeandikwa jina la fundi, limeandikwa jina la zama za mfalme.

Kauri zilizochorwa Beijing, ndani ya ikulu, zilikuwa na desturi nyingine. Chombo kilifinyangwa na kuchomwa Jingdezhen, kikasafirishwa kikiwa cheupe kitupu, kisha kikapakwa enameli karibu na kiti cha enzi, ambapo mfalme aliweza kukemea. Katika hizo iko bakuli moja yenye kipenyo cha sentimita 11.3, yenye mbayuwayu wawili, na matawi ya mwaprikoti uliochanua, na mierebi, na beti zilizoandikwa kwa hati nzuri kandoni pamoja na mihuri midogo ya waridi. Na mwenziwe yuko London, katika hazina ya Percival David iliyowekwa British Museum. Bakuli hiyo ni ya Qianlong, nami naitaja kwa sababu hiyo hasa, ili nisidhaniwe kuwa namdhulumu mwana kwa kumpenda baba. Nusu ya uso wake imeachwa bila kitu. Ndege wale wana mahali pa kurukia.

Lakini Qianlong alitawala miaka 60, na miaka ilivyozidi ndivyo mafundi wake walivyoacha kuupa weupe nafasi. Mfano wake mkuu ni ile nakshi iitwayo maua elfu, ambayo katika hiyo peoni, na krisanthemu, na yungiyungi, na mawaridi, na asumini, vimesongamana petali kwa petali juu ya chombo kizima, pasibakie pa kutia sindano. Na chombo cha namna hiyo kilichoko Jumba la Guimet, mjini Paris, husifiwa sana na kila akionaye. Nami nakiri kwamba ufundi wake hauna mfano, kwa kuwa kila ua lina mwanga wake na kivuli chake, na kosa la fundi mmoja lingeharibu kazi ya wote. Ila mtazamaji hachoki kwa ubaya tu. Huchoka na kwa karamu pia. Nikipewa hiari, nitalichukua tawi moja la Yongzheng lililopinda likaruka ukingo wa sahani na kuendelea upande wa ndani, na maua yote elfu nitamwachia mfalme.

Baada ya ikulu ikaja biashara. Vyombo vyeupe vilipakiwa mashuani kutoka Jingdezhen kwa mto wa Gan, vikavushwa mlima wa Meiling mabegani mwa wachukuzi, vikateremka hata Guangzhou, ambako makampuni ya Kiingereza, Kidachi, Kidenmarki na Kiswidi yalingoja. Huko wachoraji walipaka chochote alichokitaka mnunuzi: nembo za makabaila wa Ulaya, meli, harusi, na maua daima. Mwingereza William Hickey, aliyezitembelea karakana hizo mwaka 1769, alikuta ukumbi mrefu wenye watu zaidi ya mia wakichora, wazee kwa vijana, na watoto wa miaka sita au saba miongoni mwao. Wateja hawakuwa Wazungu peke yao. Mas'ud Mirza Zill al-Sultan, mwana wa Shah Nasir al-Din na gavana wa Isfahan, aliagiza vyombo vyake vya mezani Uchina, na jina lake likaandikwa humo kwa hati za Kiarabu katikati ya maua ya enameli, pamoja na mwaka 1297 wa Hijra.

Bahari nayo ilipima ubora wa makao yale mawili niliyoyataja. Merikebu ya Wadachi iitwayo Geldermalsen ilizama mwaka 1752 ikitoka Guangzhou, na shehena yake ilipoopolewa na kunadiwa Amsterdam mwaka 1986, vipande zaidi ya 150,000, vyombo vya buluu vilitoka vikiwa vipya kama siku vilipofungwa, ilhali vile vilivyopakwa enameli chumvi ilikwisha kuvila, pakabaki vivuli vya maua yaliyokuwapo. Aokotaye kigae ufuoni mwa Kilwa au Pate, akakikuta na buluu yake ya jana, ajue kwamba kioo ndicho kilichokilinda, na kwamba waridi katika mahali kama hapo halina mlinzi.

Yaliyofuata sitayakawilia. Vita vya waasi wa Taiping viliyateketeza majoko ya mfalme mwaka 1855. Yalipojengwa tena ufundi ulirudi nusu, ijapokuwa vyombo alivyoagiziwa Malkia Cixi katika miaka ya 1870, vyenye wisteria na peoni juu ya uwanja wa manjano au wa feruzi, vina uchangamfu wake. Toka hapo wanakili wakawa wengi kuliko wabunifu, na mihuri ya Yongzheng na Qianlong ikaandikwa chini ya vyombo ambavyo wafalme hao wasingevikubalia jikoni.

Kwa hiyo mwenye bakuli ya maua iliyorithiwa na asiharakishe kuhesabu mali. Nyingi katika zile zilizopamba zidaka na kuta za Lamu na Unguja karne ya 19 hazikutoka Uchina kabisa, na ukizipindua utakuta chapa ya viwanda vya Maastricht, Uholanzi. Na aipapase: ua lililochapwa kwa mashine halina kimo. Na ailete penye mwanga wa ubavuni, atazame kama waridi limelala juu ya nyeupe au limelala juu ya kauri tupu, maana hapo ndipo wanakili wengi walipofanya haraka. Akiisha kujihakikishia kwamba ni ya kweli, asiipake ndimu kwa kuing'arisha, wala asiiandalie achari au mchuzi wa ukwaju, kwa sababu enameli hiyo ni risasi na aseniki, na ukali wa ndimu huing'ata ikatoka na kuingia chakulani. Maua huchujuka, na mlaji hudhurika. Aioshe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Kama mwenyewe hana budi kuwaandalia wageni kwa sahani hiyo, na awaandalie tende, nazo ziwe juu ya kitambaa.